Shibiri Moja Kuelekea Mlangoni

Upande wa sebuleni ukuta ule ulikuwa mweupe na laini kama ganda la yai, na hakuna jicho lililoweza kujua ndani yake kuna nini. Upande wa pili, chumbani kwa mama, haukuwahi kupakwa rangi. Bodi za jipsamu zilibaki na rangi yake ya dukani, na vichwa vya skrubu vilionekana vimejipanga wima, mstari baada ya mstari, kama vifungo vya shati. Nyuma ya kila mstari kulikuwa na mbao. Kati ya mstari na mstari hapakuwa na kitu, hewa tu. Mtu yeyote aliyesimama chumbani kwa mama angejua mara moja pa kutoboa na pa kuacha. Lakini mtu aliyetakiwa kutoboa siku ile alikuwa mkwe wake, na chumba cha mama mkwe ni mahali ambapo mkwe haingii hata kama nyumba inaungua.

Nyumba yetu iko Unyambwa, pembeni ya mji wa Singida, kati ya mashamba ya alizeti na viwanja ambavyo watu wa mjini wamevizungushia seng'enge. Baba, mwalimu mkuu mstaafu, aliijenga kwa tofali za kuchoma, na sebule aliifanya kubwa mno, kama darasa. Mama alipoanza kuugua nyonga na kushindwa kulala kwa sababu ya mkoromo wa baba, sebule ilikatwa vipande viwili kwa mbao na jipsamu. Kipande cha nyuma kikawa chumba chake. Ukuta ule ulificha macho tu. Kikohozi, mguno, hata mlio wa kijiko kwenye kikombe, vyote vilipita.

Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawakutani uso kwa uso. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, na likiwapo neno la lazima linapitia kwa mtu wa tatu. Mjini wengi wameacha. Mama hakuacha. Katika miaka mitano ya ndoa ya dada, mama alimjua mkwewe kwa sauti, kwa viatu vilivyoachwa mlangoni, na kwa jiko. Jiko, kibanda cha kupikia cha mawe, alimjengea shemeji mwenyewe, wiki ambayo mama alikwenda kumuuguza dada yake. Aliporudi alilizunguka mara mbili akilipapasa kwa kiganja. Aliniambia, "Huyu anaweka jiwe kama anamlaza mtoto." Hakuwahi kumwambia yeye. Asingeweza.

Mwaka ule, wakati wa kuvuna alizeti, dada alirudi nyumbani kutoka Nduguti na begi moja la bluu. Hakupigwa. Mama wa mumewe alikuwa amemwambia mbele ya wageni kwamba shamba lisiloota linarudishwa kwa mwenyewe, na mumewe, aliyekuwa anakula, aliendelea kula. Hicho tu ndicho kilichomleta. Wiki ya kwanza alilia, ya pili alikasirika, ya tatu alianza kumtetea. Alisema mumewe alikuwa amechoka siku ile, alitoka kupanga mawe ya msingi tangu alfajiri, huenda hata hakusikia. Kufikia mwezi wa pili alikuwa akisimama uani akitazama barabara kila basi lilipopita.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimemaliza chuo Dodoma, sina kazi, naandika riwaya. Kabla dada hajaja, riwaya ilikuwa inaandikwa kati ya kuchota maji, kupepeta, kupika, kumkanda mama nyonga na kumpelekea baba chai mara nne kwa siku. Sentensi zangu zilikuwa fupi kwa sababu muda ulikuwa mfupi. Dada alipofika alizichukua kazi zote mikononi mwangu bila kusema, kama mtu anayemvua mtoto viatu. Nikawa nakaa mezani tangu asubuhi. Nikaandika kurasa ambazo mpaka leo nazikumbuka kwa mwili wangu, kama mtu anavyokumbuka kuogelea. Na jioni, dada akiwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mikono ikinuka vitunguu, alizisoma zote, akacheka pale pa kuchekea, akanyamaza pale pa kunyamaza. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kunisoma.

Kwa hiyo siku shemeji alipokuja kumchukua mkewe, watu wote ndani ya nyumba ile walitaka dada aende, isipokuwa wawili. Baba, kwa sababu hakuwahi kumwona fundi mawe kama mtu wa kumwoa binti wa mwalimu mkuu. Na mimi.

Alifika asubuhi, amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi vibaya, pengine na yeye mwenyewe. Dada alikuwa ameshafungasha begi tangu kulipokucha. Alijipaka mafuta miguuni, akavaa kitenge alichonunuliwa naye, akakaa chumbani kwetu kwenye ukingo wa kitanda, kwa sababu mke aliyerudi kwao hatoki mbele ya mumewe mpaka aitwe. Aliniuliza kama mumewe amekonda. Nilimwambia hapana. Alikuwa amekonda.

Sebuleni walikuwa baba na baba mdogo, yaani mdogo wake baba, ambaye kazi yake katika vikao vyote vya ukoo ilikuwa kucheka baba anapotania. Shemeji alisema shikamoo mara mbili, akaitikiwa mara moja. Alianza maneno aliyoyaandaa: kwamba alikosa, kwamba kinywa chake kilipaswa kufunguka siku ile na hakikufunguka, kwamba ameshazungumza na mama yake, kwamba yuko tayari kwa faini yoyote. Baba alimwacha amalize, kisha akamuuliza kama amemaliza, kama alivyozoea kuwauliza watoto wa darasa la nne.

Pembeni ya kabati kulikuwa na boksi kubwa. Kaka yetu aliyeko Dar es Salaam alikuwa ametuma runinga, inchi hamsini na tano, pamoja na breketi yake ya chuma. Ilikuwa imekaa wiki mbili ikisubiri fundi.

"Mbuzi wako wa faini sina haja naye," baba alisema. "Wewe si fundi? Itundike hiyo. Ikishika, tutakula. Tukishiba, utamchukua mkeo."

Baba mdogo alicheka. Shemeji pia alitabasamu kidogo, akidhani ni utani, halafu akaona baba hatabasamu.

Aliuliza ukuta ni wa nini. Baba akamjibu kwamba ukuta ni ukuta, na kwamba mtu aliyekula miaka kumi na mitano kwa kazi ya kuta asingepaswa kumuuliza mwalimu. Akaongeza sharti: hataki ukuta wake utobolewe ovyo kama chekeche. Matundu manne, ya skrubu nne za breketi, basi. Shemeji aliuliza mbao ziko wapi ndani. Baba alitazama dari, akasema kwa kweli hakumbuki. Alikuwa akikumbuka vizuri. Ni yeye aliyesimama na rula nyuma ya mafundi siku zote tatu.

Shemeji alikuwa mtu wa mawe. Alijua vitu vilivyojaa. Jiwe ukiligonga linakujibu kwa uzito wake wote, hata tofali linasema kitu. Ukuta wenye nafasi ndani alikuwa hajawahi kuuamini wala kuujengea. Alivua saa yake, akaiweka mfukoni, akasogeza sikio karibu na ile rangi nyeupe, akaanza kugonga polepole kwa kifundo cha kidole.

"Unabisha hodi?" baba alimuuliza. "Umeshaingia ndani, mwanangu."

"Karibu," baba mdogo aliitikia, akaangua kicheko mpaka akashika goti.

Shemeji aligonga tena mara mbili. Kila alipogonga, baba mdogo alisema karibu. Nilimwona masikio yakibadilika rangi. Angegonga mara kumi zaidi angezipata zile mbao, nina hakika, maana alikuwa na masikio ya kazi. Lakini alishusha mkono, akaupangusia kwenye suruali kama mtu aliyeshika kitu kichafu.

Wakati huo mama aliniita kutoka chumbani, kwa sauti ndogo, kwa lugha ya nyumbani.

Nilizunguka kwenye korido nikaingia. Alikuwa amesimama kati ya kitanda na ukuta, kanga moja kiunoni na moja kichwani, fimbo yake ameiacha kitandani. Alikuwa amesikia yote. Alikuwa na hasira ambayo sikuizoea kwake, hasira tulivu, na ilikuwa kwa ajili ya yule kijana wa upande wa pili. Alinionyesha mistari ya skrubu. Akaweka kidole gumba kwenye kona, akatandaza kiganja, akapima shibiri kuelekea upande wa mlango wa sebule: tano, mbao ya kwanza. Tatu zaidi, mbao ya pili. Akapima mara nyingine nione. Mama hakusoma sana, lakini mkono wake ulikuwa hausahau kitu.

"Mwambie shibiri tano kutoka kona, halafu tatu," alisema kwa kunong'ona. "Mwambie ni mimi nimesema, asiogope."

Ukuta ulipitisha sauti pande zote mbili, na bado ilibidi niende mimi. Shemeji bila shaka alisikia mnong'ono wake kupitia jipsamu, lakini alikuwa Mnyiramba na lugha yetu hakuishika, na hata angeishika, neno lisiloletwa halikuwa neno lake. Alisimama akitazama sakafu, akinisubiri nilifikishe.

Kwenye korido nilipita mlango wa chumba chetu. Dada alinyanyua uso. Karibu na mguu wake lile begi la bluu lilikuwa limefungwa zipu, na juu ya begi ameweka kurasa zangu za jana yake, amezikunja vizuri, azirudishe kabla hajaondoka. Nikaona asubuhi ya kesho. Niliona ndoo, unga, mawe ya jiko, chai ya saa nne, chai ya saa sita. Niliona meza yangu ikiwa na vumbi.

Ni hatua sita kutoka mlango ule mpaka sebuleni. Nimezihesabu mara nyingi baadaye.

"Mama anasema shibiri nne kutoka kona," nilimwambia, "halafu tatu. Anasema ni yeye amesema, usiogope."

Uso wake ulifunguka. Sijawahi kuona mtu akifurahishwa hivyo na vipimo. Ni kwamba mama mkwe wake, ambaye hajawahi kumtumia neno zaidi ya salamu, alikuwa amesimama upande wake mbele ya baba. Alisema asante kwa kuuelekea ukuta, kwa heshima, kichwa ameinamisha. Baba alikunja midomo. Hakupenda. Lakini hakuwa na sababu ya kukataza.

Shemeji alipima kwa mkono wake, uliokuwa mkubwa kidogo kuliko wa mama. Akarudisha kidogo, kwa akili. Akaweka breketi, akaweka pima maji juu yake, akachora alama nne kwa penseli. Akawasha drili.

Mimi nilikuwa nimesharudi kwa mama, kwa sababu sikuweza kukaa kule. Tulikuwa tumesimama bega kwa bega ncha ya drili ilipochungulia. Ilitokea peupe, katikati ya mistari miwili ya skrubu, mahali pasipo na kitu, ikatoa unga mweupe uliomwangukia mama kwenye kidole cha mguu. Kisha ya pili. Mama alizitazama zile ncha. Alitazama mistari ya skrubu. Halafu alinitazama mimi, na nilijua hakudhani hata kidogo kwamba nilisahau.

Sebuleni drili ilinyamaza. Shemeji aliniita. Nilikwenda. Alikuwa na unga kwenye nyusi, na aliongea kwa chini ili baba asisikie, akaniomba nimuulize mama tena, kwa sababu ncha inaingia kama kwenye uji, haishiki kitu.

Nilirudi. Mama hakungoja nifikishe swali.

"Mwambie atoe," alininong'oneza. "Mwambie ahamishe shibiri moja kuelekea mlangoni. Umenisikia? Shibiri moja."

Nilisema ndiyo. Nilitembea zile hatua kwa mara ya pili, na hapo ndipo sina la kujitetea. Mara ya kwanza naweza kusema ulimi uliteleza mbele ya moyo. Mara ya pili nilikuwa na korido nzima.

"Mama anasema ndiyo penyewe," nilisema, na nilisema kwa sauti ya kawaida, nikijua ukuta ule hauzuii kitu. "Anasema mbao ni laini. Ukiweka fisha kubwa itashika."

Nilisubiri sauti ya mama. Alikuwa hatua mbili kutoka kwetu, nyuma ya bodi mbili, kila moja haizidi unene wa kidole. Alikuwa amenisikia nikidanganya kwa jina lake. Angetamka neno moja tu, lolote, la Kiswahili, mambo yangeishia hapo. Lakini lingekuwa neno la kwanza la mdomo wake kwenda kwenye sikio la mkwe wake, mbele ya mume wake na baba mdogo, na lingekuwa neno la kusema binti yangu ni mwongo. Nilisikia akivuta pumzi. Nilisikia pumzi ikitoka bila neno.

Shemeji alitazama mikono yake. Ile mikono ilikuwa imemwambia ukweli, nayo haikuwa imemdanganya miaka kumi na mitano. Kisha akatazama ukuta ambao mama mkwe wake alikuwa nyuma yake. Akachukua fisha kubwa, kile kibomba cha plastiki kinachoingizwa tunduni kushika skrubu.

Alitoboa matundu mawili yaliyobaki, akapiga fisha nne, akakaza skrubu nne kwa bisibisi ya mkono, taratibu, na zilipokaza kidogo alishukuru. Mimi na baba mdogo tulimsaidia kuinua runinga. Ilikaa. Ilikaa vizuri kabisa, imenyooka. Waya ukachomekwa, picha ikaja, mwanamke amevaa koti jekundu akisoma taarifa ya habari. Baba alikwenda akaisukuma kwa kidole kimoja. Haikucheza. Alirudi kukaa, akaagiza maji ya kunawa.

Nilipokwenda kuchukua maji ya kunawa nilipita kwa mama. Alikuwa amesimama palepale. Kiganja chake cha kulia alikuwa amekibandika ukutani, juu ya yale matundu manne, amekisukuma kwa nguvu zake zote, na nyonga mbovu inatetemeka. Nilimwambia akae. Hakunijibu. Alikuwa ameishikilia runinga.

Dada alipakua. Alikuwa amepika kuku tangu alfajiri, kabla mumewe hajafika, na alikuwa akiimba kwa pua. Alinipa bakuli nipeleke, akaninong'oneza kwamba akifika Nduguti atanitafutia meza nzuri ya mninga, za huko ni nafuu. Niliipeleka mboga. Baba, baba mdogo na shemeji walinawa. Shemeji aliketi ukingoni mwa kiti kama wakwe wanavyoketi, akila kidogo kidogo, na kila mara akiinua macho kuitazama kazi yake.

Kwa hiyo yeye ndiye aliyeona kwanza. Runinga ilianza kuinama, polepole, kama mtu anayeinamia mtoto amsikilize. Yule mwanamke wa koti jekundu aliendelea kusoma habari akiwa ameinamia sakafu. Kulikuwa na sauti kama gunia linachanwa. Kisha ikaanguka yote pamoja na breketi na vipande vya jipsamu, kioo kikapiga pembe ya meza, na mboga ikaingia vumbi jeupe.

Baba hakusimama. Alimalizia tonge lililokuwa mkononi. Nilimjua vya kutosha kuona kwamba hakukasirika. Runinga ilikuwa ya bure, na alikuwa amepata kitu bora zaidi.

"Matundu manne," alisema. "Nilikupa matundu manne na ukuta mzima." Akanawa mkono mmoja, akaufuta. "Nimpe binti yangu mtu ambaye hata ukuta unamkataa?"

Baba mdogo safari hii hakucheka.

Shemeji alikuwa na jibu moja tu, na lilikuwa jibu tosha: mama ndiye aliyemwelekeza. Kila mtu pale sebuleni alinisikia nikilileta lile neno. Baba mwenyewe alilisikia. Alikuwa akingoja shemeji alitamke, nadhani, ili aongeze na lile la kumsingizia mama mkwe. Shemeji alinitazama, bila hasira, kwa muda mrefu, na mimi nikatazama bakuli la mboga.

"Nimekosea, baba," alisema. "Nilipima vibaya."

Aliokota vipande vikubwa vya kioo kwa mikono yake, akavipanga ndani ya boksi. Alivaa saa yake. Dada alikuwa amesimama kwenye korido na kitenge chake, hakuruhusiwa kusogea, akamtazama mumewe akifunga mfuko wa vifaa. Mlangoni shemeji aligeuka, akaniambia mimi, kama inavyotakiwa, neno la kumpelekea mama. Alilisema wazi, kwa sauti ya kuvuka ukuta.

"Mwambie mama nimemwelewa."

Sikuhitaji kulifikisha. Nilisikia kitanda cha mama kikilia alipokaa.

Shemeji alidhani ndilo lilikuwa jibu la mama. Alidhani mama mkwe wake, kwa kuwa hawezi kumfukuza kwa mdomo, alimtumia vipimo vya kumwangusha, na akaona ni njia yenye heshima ya kumkataa mtu. Hakurudi tena. Hakupiga simu, na dada alipopiga simu haikupokelewa.

Baba aliita fundi akaziba ukuta upande wa sebule. Runinga nyingine ikaja, ikawekwa juu ya meza. Upande wa mama matundu manne yalibaki, na mama aliyafunika kwa ungo aliouning'iniza kwenye uzi kutoka darini. Hakunisema kwa baba. Hakunisema kwa dada. Aliacha tu kuniita nimkande nyonga, akawa anamwita dada, hata nikiwa nimekaa karibu. Nami niliandika. Lazima niseme ukweli huu pia: niliandika vizuri.

Msimu wa kupanda wa mwaka uliofuata ulipofika, dada alikuwa akifagia buibui chumbani kwa mama, akautoa ungo. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Aliyatazama yale matundu manne. Dada alikuwa ameishi na ukuta ule, alikuwa akitundika kanga za mama kwenye misumari iliyopigwa kufuata mistari ya skrubu. Alitia ncha ya kidole kidogo kwenye tundu moja. Akagonga pale. Akasogea shibiri moja kuelekea mlangoni, akagonga tena. Ilikuwa sauti nyingine kabisa, nzito, imejaa.

"Mama alikwambia umwambie wapi?" aliniuliza, na macho hayakutoka ukutani.

Mama alikuwa kitandani. Aligeukia upande mwingine.

Nilimwambia dada yote. Hakunipiga, hakulia. Kesho yake asubuhi hakuwasha moto. Alichukua lile begi la bluu, hakumuaga baba, akapanda basi la Nduguti. Nilipika mimi siku tatu. Siku ya nne alirudi akiwa na begi lilelile. Alituambia akiwa amekaa ndani ya jiko la mawe, mama yupo, mimi nipo. Kule alipokelewa na mwanamke mwenye mimba ya miezi mingi, mwenye adabu, aliyemteremshia begi na kumletea maji. Mumewe alizungumza naye nje, chini ya ukingo wa bati. Alimwambia hana kinyongo. Alimwambia mama yako alinipa jibu lake, nami nikalipokea, na mpaka leo namheshimu kwa kunijibu bila kunitukana.

Dada alimweleza ukweli. Mumewe alisema kwamba sasa yule mwanamke ana miezi saba.

Mama alijifunika uso kwa kanga. Dada aliosha mikono, akavuta sufuria, akaanza kuchagua mchele, akitupa chuya moja moja. Nilikuwa nimesimama, sijui niende wapi. Baada ya muda aliniuliza kitabu kimefika wapi. Nilisema kimekaribia mwisho.

"Kimalize basi," alisema.

Nilikimaliza kwenye meza ileile. Dada alipika kila siku mpaka ukurasa wa mwisho, hakuchelewesha mlo hata mmoja, na hakusoma tena hata mstari. Kilipochapishwa nilimpa nakala, akaifuta vumbi, akaiweka chini ya runinga pamoja na rimoti. Bado iko pale. Ninapokuja nyumbani hukaa sebuleni kuandika, na yeye huingia kwa mama kutandika kitanda. Kila siku hupita kando ya ukuta, na kila siku hugonga kwa kifundo cha kidole, pale penye tundu, kisha shibiri moja kuelekea mlangoni. Hasemi kitu. Anagonga mara mbili tu, anaendelea na kazi yake, nami upande wa pili nangoja mpaka amalize ndipo niweze kuandika neno linalofuata.